MOTO NA NYUMBA YA MAGOGO: KWA NINI GOGO HALIWAKI KAMA KIJITI

Mada niliyopewa mwaka huu na mlezi wetu si ya fasihi wala ya sarufi. Ni ya moto. Ilizuka katika mjadala wetu wa Ijumaa muhula uliopita, tulipokuwa tukibishana kama mji wa kisasa unaweza kujengwa kwa miti badala ya saruji na chuma. Upande wa upinzani ulisimama kidete ukadai kwamba mtu anayelala katika nyumba ya mbao analala ndani ya kibiriti. Upande wa pili ukajibu kwamba huko Ulaya ya kaskazini na Marekani watu wamelala katika nyumba za magogo matupu kwa mamia ya miaka, na wengi wao waliamka salama. Kelele zikawa nyingi, kengele ya chakula ikalia, na jambo lenyewe halikuamuliwa.

Basi nimepekua vitabu vya maktaba, nikamwuliza mwalimu wa fizikia, nikakaa na mpishi wetu jikoni, ndipo nikaandika makala haya. Nakuomba uyasome hadi mwisho, kwa kuwa jawabu la swali hili linamgusa kila mmoja wetu anayelala bwenini.

Nyumba ya magogo ni ipi?

Huku kwetu tukisema "nyumba ya mbao" tunafikiria zile nyumba za Nyandarua au Nyeri zilizopigiliwa mbao nyembamba au mabanzi juu ya nguzo, na paa la mabati. Nyumba ya magogo ni kitu kingine kabisa. Ukuta wake ni shina la mti lenyewe. Magogo hulazwa moja juu ya jingine, na kwenye pembe hukatwa vishimo ili gogo la upande huu likumbatiane na la upande ule. Hakuna uwazi ndani ya ukuta. Unene wa gogo ndio unene wa ukuta, aghalabu sentimita 15 hadi 30. Nafasi ndogo inayobaki kati ya gogo na gogo hukazwa kwa mimea laini ya msituni iliyokaushwa, au kwa udongo na chokaa, ili upepo usipenye.

Ujenzi huu ni wa nchi zenye misitu mikubwa ya misonobari: Finland, Sweden, Norway na Urusi. Walowezi wa Sweden na Finland waliovuka bahari na kuanzisha koloni kando ya mto Delaware mwaka wa 1638 ndio wanaosifiwa kwa kuupeleka Marekani. Baadhi ya majengo hayo ni makongwe kweli kweli. Kanisa la Petäjävesi nchini Finland lilijengwa kati ya 1763 na 1765, na mpaka leo limesimama. Katika kisiwa cha Kizhi, Urusi, liko kanisa la magogo lenye kuba 22 na urefu wa mita 37 lililojengwa mwaka wa 1714. Lakini usiache kuona hili pia: kanisa hilo lilijengwa baada ya lile lililolitangulia kupigwa na radi na kuteketea. Kwa hivyo tangu mwanzo tunaona mambo mawili kwa pamoja. Nyumba ya magogo inaweza kudumu miaka 300, na nyumba ya magogo inaweza kuungua. Kazi yetu ni kueleza yote mawili bila kuficha mojawapo.

Ukuni huungua vipi?

Watu wengi hudhani kwamba ukuni ukiwaka, ni mti wenyewe unaowaka. Si hivyo. Mti ukipata joto, kwanza hukauka. Hata mbao iliyokaa nyumbani miaka mingi ina maji ndani yake. Gogo ambalo lingekuwa na uzito wa kilo 100 likiwa kavu kabisa hubeba kilo 12 hivi za maji. Maji hayo sharti yageuke mvuke kabla ya lolote jingine kutendeka, na kugeuza maji kuwa mvuke kunakula joto jingi sana. Mwulize yeyote aliyesubiri sufuria ya chai ya wanafunzi 600 ichemke!

Joto likipita nyuzi 200, mti huanza kuvunjika taratibu na kutoa gesi. Likifika kama nyuzi 300, gesi hutoka kwa wingi, nazo ndizo zinazoshika moto tukaona miali. Kinachobaki nyuma ni makaa. Hivyo basi miali unayoiona ikicheza juu ya ukuni inakula gesi iliyotoka ndani ya ukuni, na makaa meusi ni mabaki ya mti uliokwisha kutoa gesi zake.

Wachoma makaa wanalijua jambo hili bila kwenda darasani. Wao hufunika tanuri kwa udongo ili hewa isiingie, kuni zitoe moshi na gesi, makaa yabaki. Hewa ikipenya, wanapata jivu badala ya makaa, na hasara ni yao.

Makaa ni ngao

Sasa tunafika kwenye kiini cha jambo. Makaa yanayofanyika juu ya gogo hugeuka ngao ya gogo lenyewe. Mti hupitisha joto kwa shida sana. Chuma hupitisha joto mara mia kadhaa kuliko mbao, ndiyo maana mwiko wa mti hauunguzi mkono ilhali kijiko cha chuma kikiachwa sufuriani utakitupa. Makaa nayo yana vitundu vingi vilivyojaa hewa na hupitisha joto kwa uchache kuliko hata mti. Kwa hivyo kadiri gogo linavyoungua, ndivyo blanketi jeusi linavyozidi kuwa nene kati ya moto na mti mzima ulio ndani. Gesi zinazotoka nje nazo huisukuma hewa mbali, na makaa yasipopata hewa hayaishi haraka.

Matokeo yake ni kwamba moto hauli gogo kwa pupa bali kwa kipimo. Wahandisi wa Ulaya wanapopiga hesabu za majengo hutumia kiasi cha milimita 0.65 kwa dakika kwa mbao nzima za misonobari. Marekani hukadiria inchi moja na nusu kwa saa, kiasi ambacho ni karibu sawa na hicho. Miti migumu na mizito huliwa polepole zaidi, kama nusu milimita kwa dakika.

Hebu tupige hesabu. Chukua ukuta wa magogo wenye unene wa sentimita 20, moto ukiwa upande mmoja. Katika dakika 60 moto utakuwa umekula milimita 39, yaani sentimita 4 kasoro kidogo. Zitabaki sentimita 16 za mti. Chini ya makaa kuna utando mwembamba, kama milimita 7, ambao umepata joto na kupoteza nguvu, nao wahandisi huuondoa katika hesabu. Ila ukiingia ndani sentimita 4 hivi kutoka kwenye makaa, utakuta mti uliopoa kana kwamba hakuna kilichotokea. Na hapo ni baada ya saa nzima ya moto!

Usidhani ni maneno ya vitabuni tu. Jikoni kwetu mpishi huingiza magogo ya mkaratusi chini ya masufuria makubwa ya maharagwe. Mzee huyo aliniitia gogo moja lililokuwa motoni, jeusi tititi pande zote. Alilipasua kwa shoka mbele yangu. Ndani lilikuwa jeupe, na ukiligusa kiini chake, ni vuguvugu tu. "Mwanangu," akaniambia, "moto haumezi gogo. Unalilamba." Sijapata kusikia fizikia ikielezwa vizuri zaidi ya hapo.

Unene ndio siri

Labda utauliza: kama mti una ngao, mbona mbao za kawaida huteketea upesi hivyo? Jibu ni unene. Ngao ya makaa huhitaji muda kufanyika na huhitaji mti wa kutosha nyuma yake.

Tuchukue gogo lililochongwa mraba, sentimita 20 kwa 20, lenye urefu wa mita moja. Pande zake nne zinazoweza kuguswa na moto zina jumla ya mita mraba 0.8. Sasa lipasue gogo hilo hilo uwe na mbao 10, kila moja ikiwa na unene wa sentimita 2. Mti haujaongezeka hata kidogo. Lakini ukijumlisha pande za mbao zote 10 utapata mita mraba 4.4. Moto umepata uwanja wa kulia mara tano na nusu zaidi, kutoka kwa mti ule ule! Endelea kupasua mpaka upate vijiti vya kibiriti, na sasa mti wote ni ngozi tupu isiyo na nyama. Kijiti hupata joto hadi kiini chake kwa muda mfupi mno, maji yake hukauka mara moja, gesi yote hutoka kwa pamoja. Ndiyo sababu tunawashia moto vijiti na kuudumisha kwa magogo, wala hatufanyi kinyume chake.

Mbao ya sentimita 2 ikishambuliwa na moto pande zote mbili, hata kwa kile kipimo cha polepole itamalizika kwa dakika 15 hivi. Kwa hakika huisha mapema zaidi, kwa kuwa joto hufika nyuma yake haraka na mti wote hupata moto kwa pamoja. Aidha, ukuta wa mbao nyembamba mara nyingi huwa na uwazi ndani, kati ya mbao za nje na za ndani. Uwazi huo ni kama dohani. Moto ukiingia humo chini, hupanda hadi darini bila mtu kuuona. Ukuta wa magogo hauna mfereji wa namna hiyo.

Kinga na kinga

Wahenga walinena, "Kinga na kinga ndipo moto uwakapo." Tumezoea kuitumia methali hii tukihimiza ushirikiano, na tunasahau kwamba kwanza kabisa ni maelezo ya kweli kuhusu moto. Chukua gogo moja linalowaka, litoe mekoni, uliweke peke yake chini. Baada ya muda miali hufifia, likabaki likifuka moshi, kisha likazima. Sababu ni kwamba joto lake hutawanyika hewani na halirudi. Weka magogo mawili yakitazamana, na kila moja litamrudishia mwenzake joto. Hapo huwaka mpaka asubuhi.

Jambo hilo lina maana kubwa kwa nyumba. Ukuta mmoja wa magogo ulio nje peke yake ni vigumu sana kuuwasha. Cheche zikiuangukia, huacha alama nyeusi, zikazima. Lakini ndani ya chumba kuna kuta nne zinazotazamana, na juu yake dari, na katikati vitanda, nguo na vitabu. Vitu hivyo vikishika moto, joto haliendi kokote. Chumba kizima kinakuwa meko. Gogo lililokataa kuwaka likiwa peke yake litawaka likizungukwa.

Je, chuma si bora zaidi?

Mwenzangu mmoja katika ule mjadala alisema, "Jamani, chuma hakiwaki, maneno yameisha!" Ni kweli chuma hakiwaki. Lakini swali la mtu aliye ndani ya nyumba si kama boriti inawaka. Swali lake ni kama boriti itamwangukia. Chuma kinapofika karibu nyuzi 600 huwa kimepoteza kama nusu ya nguvu zake, ingawa bado kiko mbali sana na nyuzi 1,500 hivi za kuyeyuka. Katika majaribio ya kimataifa ya moto, tanuri huongezwa joto kwa ratiba maalumu: dakika 5 hufika nyuzi 576, dakika 30 hufika 842, saa moja hufika 945. Kwa hivyo boriti nyembamba ya chuma isiyofunikwa kwa chochote inaweza kulegea na kupinda mapema, nayo boriti nene ya mti iliyo kando yake ikaendelea kubeba mzigo huku ikiliwa milimita kwa milimita.

Majaribio hayo huuliza ukuta maswali matatu. Je, bado umesimama na mzigo wake? Je, umepasuka ukapitisha miali? Je, upande wa pili umepata joto la kuweza kuwasha kitu kilichouegemea? Ukuta mnene wa magogo hufaulu vizuri katika swali la kwanza na la tatu. Udhaifu wake uko katika swali la pili, yaani kwenye viungo. Magogo yakikauka husinyaa, nyufa zikatokea, na moto hutafuta ufa kama maji yanavyotafuta mtelemko. Ndiyo maana fundi mzuri huchonga gogo la juu lilalie la chini sawasawa na kukaza viungo kila vinapolegea.

Elimu hiyo hiyo ndiyo imewawezesha wahandisi wa leo kujenga maghorofa ya mti. Mwaka wa 2019 huko Brumunddal, Norway, lilikamilika jengo la Mjøstårnet lenye ghorofa 18 na urefu wa mita 85. Nguzo zake ni mbao nene zilizogandishwa pamoja, na unene wake umepimwa ili hata moto ukila sehemu ya nje, kiini kibaki kikibeba jengo.

Basi mbona miji ya magogo iliteketea?

Hapa wale wa upinzani wana haki ya kusikilizwa. Usiku wa tarehe 4 Septemba 1827, moto ulizuka katika mji wa Turku, Finland, mji ambao nyumba zake nyingi zilikuwa za magogo. Upepo ulivuma kwa nguvu. Hata moto ulipozimika, robo tatu ya mji ilikuwa imeteketea, watu 27 wamekufa, na kama watu 11,000 hawana makao. Chuo kikuu kilichokuwa hapo kilihamishiwa Helsinki mwaka uliofuata. Ajabu ni kwamba mtaa mmoja wa nyumba za mbao, Luostarinmäki, ulioko pembeni kwenye kilima, ulinusurika, na leo ni makumbusho. Nyumba zake zilikuwa za miti kama zile zilizoungua. Tofauti ilikuwa mahali zilipokaa. Baada ya msiba huo mbunifu Carl Ludvig Engel aliupanga mji upya kwa barabara pana na miti kati ya nyumba na nyumba, ili kinga isipate kinga.

Mfano wa pili ni wa Portland, Marekani. Kwa maonyesho makubwa ya mwaka wa 1905 lilijengwa jumba la magogo lenye urefu wa zaidi ya mita 60. Nguzo zake zilikuwa mashina mazima yenye magome yake. Tarehe 17 Agosti 1964 jumba hilo lilishika moto, likateketea lote. Ukitazama ujenzi wake utaona hatari ilikuwa wapi. Gome kavu ni jembamba na lina nyufa, kwa hiyo hushika moto upesi kuliko mti wenyewe. Na ukumbi mrefu ulio wazi kutoka sakafuni hadi paani huupa moto nafasi ya kupanda na hewa ya kutosha.

Mfano wa tatu una mwisho mwema. Katika mbuga ya Yellowstone, Marekani, iko hoteli kubwa ya magogo iitwayo Old Faithful Inn, iliyojengwa 1903 na 1904. Mwaka wa 1988 moto wa misitu uliunguza zaidi ya theluthi moja ya mbuga hiyo. Moto mmojawapo ulianza mwezi wa Julai kwa kipande cha sigara kilichotupwa na wakata kuni. Tarehe 7 Septemba ulifika kwenye hoteli. Vibanda kadhaa vya karibu viliungua, lakini hoteli ilipona. Unafikiri wazima moto walihangaikia nini zaidi, kuta? La, paa. Paa lake lilikuwa la vigae vya mbao, vyembamba na vikavu, na cheche zilikuwa zikinyesha kama mvua. Mitambo ya kumwagia paa maji ilifunguliwa, na wazima moto wakalilinda. Gogo lilijitetea lenyewe. Kigae kilihitaji kutetewa.

Ukiiweka mifano hii pamoja, somo linajitokeza wazi. Nyumba ya magogo haishindwi kupitia ukuta. Inashindwa kupitia paa, kupitia madirisha, kupitia kuni zilizopangwa ukutani na majani makavu yaliyorundikana chini ya ukumbi, na kupitia jirani aliye karibu mno. Ikishindwa huko, moto huingia ndani, na ndani magogo yanatazamana.

Kuta kusimama si watu kupona

Sasa nataka nikuombe utulie kidogo, kwa maana hapa ndipo kalamu yangu ilipokuwa nzito. Katika mjadala wetu yuko aliyependekeza, na wengi wakampigia makofi, kwamba mabweni yakijengwa kwa magogo manene au mawe tutakuwa salama. Ningependa iwe hivyo. Lakini ushahidi hausemi hivyo.

Katika moto wa nyumba, watu wengi huuawa na moshi kabla miali haijawafikia. Moshi huo hautoki ukutani bali kwenye vitu tulivyoviweka ndani. Godoro la sponji likiwaka hutoa moshi mweusi wenye sumu na joto kali. Nchini Marekani mwaka wa 2009 maabara ya Underwriters Laboratories iliwasha moto katika vyumba viwili, kimoja chenye fanicha za kizamani za pamba na mbao na kingine chenye fanicha za kisasa za sponji na nailoni. Cha kizamani kilichukua karibu nusu saa hadi chumba chote kulipuka moto. Cha kisasa kilichukua chini ya dakika 5. Gogo litasimama saa nzima, naam, lakini sisi tuna dakika hizo chache tu. Ukuta unaweza kunusurika na wote waliokuwa ndani wasinusurike.

Nchi yetu imelipa ada kubwa kwa somo hili. Usiku wa kuamkia tarehe 26 Machi 2001 wavulana 67 walikufa katika bweni la shule ya sekondari ya Kyanguli, Machakos. Mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Usiku wa tarehe 5 Septemba 2024 wavulana 21 wa shule ya msingi walipoteza maisha huko Endarasha, Nyeri, katika bweni ambalo sehemu yake kubwa ilikuwa ya mbao. Hao wa Kyanguli walikuwa rika letu. Hao wa Endarasha walikuwa wadogo zetu. Mungu aziweke roho zao mahali pema.

Tazama sasa: katika msiba mmoja kilichowazuia watoto kutoka ni mlango na vyuma vya dirisha, na katika mwingine moto ulipata mbao nyembamba. Kwa hivyo unene wa ukuta ni jambo moja, na njia ya kutokea ni jambo jingine. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu mwaka wa 2008 unajua hivyo. Hauanzi kwa kuuliza ukuta ni wa nini. Unataka bweni liwe na mlango kila mwisho na mwingine wa dharura katikati. Milango iwe na upana wa futi 5 au zaidi, ifunguke kuelekea nje, wala isifungwe wakati wanafunzi wamo ndani. Madirisha yasiwe na vyuma. Nafasi kati ya kitanda na kitanda isipungue mita 1.2, na njia ya kupita isipungue mita 2. Ukizisoma kanuni hizo baada ya kuijua tabia ya moto, utaona kila moja ina sababu yake. Ile nafasi kati ya vitanda, kwa mfano, ni ile methali yetu ikigeuzwa kuwa sheria: kinga isikutane na kinga.

Tufanye nini basi?

Mabweni tuliyo nayo hatuwezi kuyageuza magogo, wala hakuna haja. Tuyafanye yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kwanza, tusitundike nguo na mashuka kati ya vitanda kama mapazia. Nguo ni kijiti cha kibiriti kilichotandazwa. Pili, mishumaa, viberiti na zile koili za kuchemshia maji zibaki nje ya bweni. Tatu, masanduku yasipangwe kwenye njia wala nyuma ya mlango wa dharura. Nne, kila mmoja wetu ajue mlango wa pili uko wapi, na aweze kuufikia gizani akiwa amefumba macho. Moshi ukijaa, inama au tambaa, kwa maana hewa safi hubakia chini. Ukishatoka usirudi kuchukua sanduku, hata kama lina pesa za matumizi za muhula mzima. Na Kiranja wa bweni akikuta mlango umefungwa kwa kufuli usiku, aseme siku hiyo hiyo kwa heshima, asingoje mkutano wa mwisho wa muhula. Walimu wetu wapendwa, nawaomba kwa unyenyekevu mtupe mazoezi ya kutoka bwenini, mchana na hata usiku, mpaka miguu yetu iizoee njia.

Kuhusu lile swali la mjadala, nalijibu hivi. Si kweli kwamba nyumba ya magogo ni kibiriti. Gogo nene huliwa na moto polepole na kwa kipimo, na mara nyingi husimama baada ya chuma kupinda. Wala si kweli kwamba nyumba ya magogo haiungui. Turku na Portland ni mashahidi. Mti mnene unakupa muda. Muda huo utakufaa tu ikiwa paa halijawaka kabla ya ukuta, jirani hayuko karibu mno, na mlango uko wazi.

Tahadhari kabla ya hatari, ndugu zangu.